Sikio la Mtu wa Bangoni

Wahariri wa vitabu vya shule huniuliza kwa nini watu ninaowachora wanafanana na kila mtu na bado hakuna anayewatambua. Mmoja alisema huo ndio mtindo wangu. Nilimwacha afurahi. Si mtindo, ni woga. Pua naichukua kwa mwanamke anayeuza nyanya mbele ya chumba ninachopanga hapa Mbarara, masikio kwa mpiga ngoma wa kanisani, kidevu kwa fundi cherehani, kisha nachanganya mpaka pasiwe na mmoja wao anayeweza kusimama mbele ya ukurasa na kusema huyu ni mimi. Uso ukiisha, naukagua upya kwa dakika nyingi. Nikikuta umefanana na mtu aliye hai, nauchana na kuanza tena.

Sikuanza hivyo. Nilifundishwa kinyume chake, na aliyenifundisha hakuwahi kushika penseli. Baba alikuwa mfugaji kwenye milima ya Kivu Kusini. Tukiwa machungani alichukua kijiti akanichorea mavumbini ubavu wa ng'ombe mmoja na doa lake, kisha wa mwingine, akaniuliza ni yupi. Alisema niangalie alama kwanza, ng'ombe baadaye. Kijijini kwetu ng'ombe aliyepotea akionekana kwenye kundi la mtu mwingine, mwenyewe hakuruhusiwa kwenda kumwonyesha kwa kidole. Alikaa nje ya zizi, ameligeuzia mgongo, akataja alama kabla hajaonyeshwa mnyama yeyote. Akikosea, alirudi mikono mitupu.

Siku moja nilikwenda naye kumdai mtamba wetu. Alitaja pembe, akataja rangi, halafu akaulizwa weupe wa mguuni uko upande gani. Akafikiri. Akasema hakumbuki, akashukuru kwa maziwa aliyopewa, tukarudi bila mtamba. Mama alimnunia juma zima. Nilimuuliza kwa nini hakubahatisha, maana upande ni kulia au kushoto tu. Akaniambia mtu hasemi ameona kitu ambacho hakukiona, hata kama ni chake. Nilikuwa mdogo na niliona ni ujinga wa kupoteza ng'ombe bure.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa zile picha kubwa za shule ya Jumapili, zilizofunguliwa ukurasa mmoja kila juma. Nilizipenda kwa rangi na kuzidharau kwa nyuso. Mitume wote walikuwa na pua moja. Nilijiuliza wake zao walijuaje yupi ni yupi wakirudi nyumbani. Nilijiapia kwamba mimi nikichora mtu, hata mbwa wake atamjua. Kiapo cha mtoto hicho, lakini nilikishika sana.

Vita ilipotufukuza, baba hakufika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Tulifika mama na mimi, tukapewa kipande cha shamba na turubai. Nilianza kuchora kwa sababu nisipochora nilikuwa nasikiliza, na kila nilichosikia kiliniogopesha: hatua njiani, pikipiki ikizimwa karibu, mbwa akinyamaza ghafla. Nilichora kwa makaa ya jikoni kwenye karatasi za mifuko ya saruji, na kwa kalamu ya bluu nyuma ya kalenda za mwaka uliopita. Penseli nikiipata niliichonga kwa wembe mpaka ikabaki kipande kisichoshikika.

Studio yangu ilikuwa foleni. Siku ya kugawiwa unga na maharage pale Base Camp, katikati ya kambi, watu walisimama tangu asubuhi, na mtu aliye kwenye foleni hahami, anaogopa kupoteza nafasi yake. Nilikaa juu ya jiwe nikachora kumi, kumi na tano. Niliona nani ana jicho moja dogo kuliko lingine, nani anaegemea mguu wa kulia. Jioni nilimwonyesha mama, naye alitaja kila mtu bila kukosea, hata wale aliowachukia. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa niliyoitaka.

Shirika moja la afya lilisikia habari zangu. Walitaka bango la kufundisha watu kunawa mikono baada ya kutoka chooni: mtu amesimama mbele ya dumu lililoning'inizwa kwenye mti, anakanyaga kijiti, maji yanamtiririkia mikononi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikulala kwa furaha. Nilihitaji uso wa mtu mzima, wa heshima lakini si wa makuu. Nikamchagua fundi wa baiskeli.

Alikuwa na kibanda cha maturubai kando ya barabara inayoingia Base Camp, mtu wa kwetu, mpole, asiyezungumza sana. Nilikuwa nimemchora mara nyingi bila yeye kujua, ameinamia beseni akitafuta tundu kwenye mpira. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo juu, kama kipande kimeng'olewa. Nililipenda sana pengo lile. Nililichora kwa uangalifu kuliko dumu, kuliko maji, kuliko hata mikono iliyokuwa inanawa. Lilikuwa alama.

Mabango yalichapwa Mbarara, makubwa, kwa wino mweusi. Yalibandikwa kliniki, shuleni, sokoni, kwenye milango ya vyoo. Mama alipoliona la kwanza aliweka mtungi chini akacheka mpaka akafuta machozi. "Aah, fundi wa kinga," akasema, maana baiskeli kwetu ni kinga. "Anabakia tu kutusalimia." Nilitembea siku ile kichwa juu. Nilipopita kwenye kibanda chake nikitaka nione furaha yake, nilikuta kimefungwa.

Kilifungwa siku tatu. Siku ya nne alikuja nyumbani, mchana, tukiwa tunapukuchua maharage. Hakupitia njiani, alipitia shambani kwa watu, kofia ya sufu imevutwa mpaka shingoni kwenye jua lile. Hakumsalimu mama, na hilo peke yake lilinitisha.

"Weye njo ulinichora?" akaniuliza.

"Ndiyo, papa."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilikuona tu mu barabara."

Alinitazama, nikaona kwamba ananiogopa. Mtu mwenye umri wa baba yangu alisimama kwenye ua wetu akiniogopa mimi, msichana mwenye maharage mapajani. Sijawahi kuona jambo lililonitisha kama lile.

"Kuna batu banatafuta hii sikio," akasema.

Mama aliinuka, akamwingiza ndani, akafunga mlango mchana kweupe. Fundi akatusimulia akiwa amesimama, maneno machache. Wenye bunduki walimchukua yeye na mdogo wake wawabebee mizigo. Walikaa nao msimu mzima, wakajua njia zao na maficho yao, kisha wakatoroka wote wawili usiku wa mvua. Wakapotezana porini. Waliowachukua waliapa kwamba hakuna mbebaji atakayeishi akiyajua yale, na alikuwa amesikia kuhusu wawili waliofuatwa hata baada ya kuvuka mpaka. Pale kambini hakuna aliyejua jina lake la kweli. Alikuwa amejificha vizuri miaka yote hiyo, na mimi nikaja nikambandika kwenye kila mlango wa choo.

"Na mudogo yako?" mama akauliza.

"Sijue. Kama iko muzima, iko na alama hapa." Akagusa chini ya jicho. "Uji ya moto ilimuchoma akikuwa mutoto."

Nilianza kulia. Hakunikaripia, na heri angenikaripia. Alisema tu kwamba anaomba lile sikio litoke. Kisha akaondoka kama alivyokuja, kupitia mashambani.

Maji yakishamwagika hayazoleki, lakini mtu huinama akajaribu. Niliazima kalamu nene nyeusi ofisini kwa uongo, nikaanza kuzunguka kijiji kwa kijiji. Kila bango nililolikuta nilimvika yule mtu kofia iliyofunika masikio, nikamwongezea ndevu. Watu walinicheka. Walisema mnawaji wetu amehamia mlimani, anasikia baridi. Nami nilicheka nao huku nikiharakisha, kwa sababu sikujua mabango yako mangapi, wala nani ameshayaona. Kila mgeni aliyepita nilimwangalia mikono yake kwanza. Mtu akisimama nyuma yangu mstari ulinipinda.

Kliniki nilikamatwa na askari wa getini, Mnyankore mnene aliyekuwa anakula ndizi ya kuchoma.

"Nyabo, wewe nafanya nini hapo?"

"Ninarekebisha, afande. Mimi ndiye niliyechora."

"Sasa wewe naharibu kitu yako mwenyewe?"

"Nilikosea sikio."

Akasogea akalitazama kwa makini, akitafuna. "Sikio? Hii watu nanawa mikono. Sikio nasumbua nani?"

Ningesema ukweli, ukweli ungefika sokoni kabla yangu. Nikasema bosi ndiye anataka hivyo. Hilo alilielewa mara moja, akaniruhusu, na hata akanishikia kiti nipande.

Nilipofikiri nimemaliza, mfanyakazi mmoja wa ofisi aliniambia, kwa kunipongeza, kwamba yaliyobaki yamebandikwa Mbarara mjini, kwenye kituo cha mabasi. Pale ndipo wageni wanaotoka mpakani hushukia. Kesho yake nilipanda lori la ndizi. Tulipita Masha, ng'ombe wenye pembe ndefu wakivuka barabara taratibu, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwaangalia alama.

Mji ule nilikuwa naujua kidogo. Nilishawahi kwenda mara mbili, na mara zote mbili nilisimama nusu siku mbele ya kinyozi nikimtazama mzee mmoja akichora kwa rangi vichwa vya wateja kwenye ubao wa tangazo. Huyo namhesabu mwalimu wangu wa tatu. Aliniambia mkono ni mwongo: ukiuacha peke yake utakuchorea unachokipenda, si kilichopo. Alisema kila viboko vitatu vya brashi inua macho utazame. Nilimwitikia kwa adabu na kumwona mzee anayejisifia kazi. Siku hiyo ya kofia na ndevu nilipita mbele ya ubao wake bila kugeuza shingo.

Mabango matatu niliyapata haraka nikayamaliza. La nne lilikuwa ukutani, karibu na mahali pa kukatia tiketi, na mbele yake kulikuwa na mtu amesimama.

Watu husoma mabango kwa jicho la kupita. Huyu hakuwa anasoma. Alikuwa amesimama karibu mno, na alikuwa amesimama muda mrefu, kwa sababu mchuuzi wa karanga alikuwa amechoka kumzunguka na sasa alipita kwa nyuma yake. Ningeondoka. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu, wazi, na aliiona.

"Dada," akasema, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, "hii picha ilitokea fasi gani?"

Niliangalia chini. Alivaa buti za mpira nyeusi, zilizokatwa chini ya shavu la mguu. Buti za mpira huvaliwa na wenye bunduki, huvaliwa na wafugaji, baba yangu mwenyewe alikuwa nazo. Ya kushoto ilikuwa na kiraka cha njano, kimekatwa kwenye dumu.

"Sijue," nikasema.

"Huyu ni mutu wetu. Tunamutafuta siku mingi."

Mutu wetu. Ndugu husema hivyo. Na muuaji husema hivyo. Sikuinua macho. Nilikuwa nahesabu hatua kutoka pale hadi kwa askari wa barabarani.

"Ule si mutu wa kweli," nikamwambia. "Mwenye kuchora alimutoa mu kichwa."

"Mu kichwa?"

"Ndiyo."

Nilisikia kucha yake ikipita juu ya karatasi, pale sikio lilipokuwa. Sikujua kama ilikuwa inakwaruza au inapapasa. Kisha akasema, "Basi. Aksanti, dada," na zile buti zikageuka zikaondoka. Nilisimama na kuzitazama mpaka zikapotea kati ya miguu ya watu. Halafu nikachana bango lote, nikalikunjakunja na kulitia ndani ya blauzi.

Nilirudi Nakivale nikiamini nimemwokoa mtu. Asubuhi iliyofuata nilikwenda kibandani kwake, ambako alikuwa amerudi kazini, kofia masikioni, nikamsimulia kila neno. Nilipofika kwenye "mutu wetu" aliacha pampu.

"Alisema vile? Mutu wetu?"

"Ndiyo, papa."

"Alikuwa na alama hapa?" Kidole chake kikaenda chini ya jicho.

Hapo ndipo nilipokumbuka uji wa moto. Nilikumbuka pia zizi la ng'ombe na baba akiwa ameligeuzia mgongo. Ningeweza kumwambia yule mtu ageuke na anitajie kitu kimoja tu cha mtu anayemtafuta: nani alimng'oa kile kipande cha sikio, au mama yao alimwitaje alipokuwa mtoto. Ndugu angejua. Nilifundishwa swali hilo tangu nikiwa mdogo, nilikuwa nalo kinywani, na woga ukalimeza. Na uso, mimi mwenye kuchora watu kumi na tano kwenye foleni moja, sikuwa nimeuona.

"Niliangalia viatu," nikasema.

Hakunilaumu. Aliniletea karatasi, nyuma ya pakiti ya gundi, akaniambia nichore hivyo viatu. Nikachora. Buti, mkato chini ya shavu la mguu, kiraka. Mkono ulikwenda wenyewe, haraka, mzuri. Aliichukua karatasi akaisogeza kwenye mwanga, akatazama kiraka.

"Pembe zake zilikuwa hivi? Za mviringo?"

Nikatazama mchoro wangu. Kiraka kilikuwa kimezungushwa pembe zote nne.

"Batu bengine banakata kali, ile inabanduka mbio," akasema polepole. "Miye nilimufundisha kuzungusha. Alikuwa mutoto, alinisaidia kutia viraka." Akainua macho. "Uliona vile? Uko hakika?"

Nataka niliseme hili wazi, maana sijawahi kumwambia mtu. Sikujua. Huenda niliona pembe za mviringo. Huenda mkono ulijichorea, kwa sababu nilikuwa nimemtazama fundi huyuhuyu akikata viraka vya mviringo siku zisizohesabika, na hivyo ndivyo viraka vilivyokuwa kichwani mwangu. Baba angesema hakumbuki, akashukuru, akaenda zake. Lakini nilikuwa nimeshaharibu maisha ya mtu yule kwa kuchora sana, na nilikuwa nimeshakiri kwamba sikuona uso. Sikuweza kukiri kwamba hata viatu sikuviona. Niliona aibu.

"Ndiyo," nikasema. "Niliona."

Alikunja karatasi akaitia mfukoni. Aliniomba nimpelekee mama salamu. Mchana huo alimaliza baiskeli mbili za watu, akaziegemeza mahali wenyewe watakapoziona, akapanda yake na kushika barabara ya Mbarara. Alikuwa amevua kofia. Nadhani alitaka aonekane sikio.

Hakurudi. Kibanda kilikaa mwezi, turubai likachukuliwa na upepo au na watu. Wako waliosema walimwona kituoni akiwa na kijana mmoja wakila pamoja. Wako waliosema aliingia kwenye gari na wanaume wasiojulikana. Nilipouliza aliyesema amewaona, kila mmoja alinitaja mwingine. Mama alinikataza kuuliza tena, akiogopa maswali yangu yatatuletea wageni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tuliishi kwenye ung'ongo mtupu.

Miaka imepita. Nimehamia mjini, ninachora watoto wanaochota maji na sungura wanaovaa koti. Nalipwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Kila ninaposikia buti za mpira kwenye veranda moyo unasimama, kwanza kwa hofu, halafu kwa tumaini, na siwezi kuvitenganisha. Nainua macho siku hizi kila viboko vitatu, kama mzee wa kinyozi alivyoniambia.

Na kila asubuhi, kabla ya kazi ya watu, nachora ile buti ya kushoto mara mbili. Ya kwanza naitia kiraka chenye pembe kali, ya pili chenye pembe za mviringo. Naziweka mezani sambamba, nageuka naipa meza mgongo, nafumba macho, na najaribu kutaja ni ipi niliyoiona.